Nani Kasema, Ukurasa Gani?

Tasnifu zinazoletwa kwangu kuhaririwa zimebadilika sura katika miaka hii michache. Zamani mabano yalikaa hovyo: jina bila mwaka, mwaka bila jina, nukta mbili mahali pa moja, mwandishi katajwa sura ya pili lakini kwenye orodha ya mwisho haonekani. Siku hizi mabano yamenyooka. Jina, mkato, mwaka, kila kitu mahali pake. Ila baadhi ya kazi zinazotajwa humo hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote.

Ya karibuni ilikuwa tasnifu ya uzamili kuhusu msamiati wa wavuvi. Katika mapitio ya maandiko alitajwa profesa mstaafu ninayemfahamu vizuri, pamoja na kitabu chake kuhusu majina ya samaki wa pwani. Mwaka upo, mchapishaji yupo. Vitabu vya mzee huyo ninavyo karibu vyote, na hicho sikuwahi kukisikia. Nikampigia simu. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikamsomea jina la kitabu. Akakaa kimya kidogo, halafu akacheka.

"Kichwa kizuri hicho," akasema. "Ningekuwa bado na nguvu ningekiandika."

Mwanafunzi hakubisha. Msimamizi wake alimwambia sura ya pili ni nyembamba, naye akaiomba programu ya akili unde imwongezee marejeleo. Kilichomshangaza ni kwamba jambo hilo limegundulika. "Mbona yameandikwa kwa mtindo unaotakiwa?" akaniuliza. Aliuliza kwa dhati kabisa, na ndiyo maana swali lake likanikaa. Kijana huyu amefundishwa miaka nenda miaka rudi kwamba mkato ukae wapi. Sidhani kama kuna siku aliambiwa mabano yenyewe yanafanya kazi gani.

Mimi habari hizo nilianza kuulizwa kabla sijajua mkato ni nini. Nimekulia Tanga, na baada ya sala ya alasiri tulikwenda chuoni kwa maalim mmoja aliyesomesha barazani kwake. Wakubwa walisomeshwa hadithi za Mtume, sisi wadogo tulikaa nyuma na juzuu zetu huku masikio yakiwa mbele. Maalim hakuwa mtu wa bakora, lakini kulikuwa na jambo moja lililomchafua: mtu aanze na "Mtume kasema" kisha aishie hapo.

"Kakwambia wewe?" atauliza.

Mtoto atajibu kwamba kaisikia msikitini.

"Kwa nani? Na huyo kaipokea kwa nani? Imo katika kitabu gani?"

Asiyejua aliambiwa aseme, "Nimesikia watu wakisema." Daraja hiyo ni ya chini, lakini msemaji hatakuwa kasema uongo, na maalim alimwacha akae chini kwa amani. Aliyekiona cha moto ni yule aliyebuni jina la mpokezi ili apite.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba lile lilikuwa darasa la elimu kongwe. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alitanguliza mlolongo wa wapokezi kabla ya matini ya hadithi: fulani katuhadithia, kutoka kwa fulani, kutoka kwa fulani, mpaka kwa Mtume. Wanavyuoni wakaandika vitabu vizima juu ya wapokezi hao tu: nani alikuwa mkweli, nani kumbukumbu yake iliharibika uzeeni, nani aliishi mji gani. Ikidaiwa kwamba huyu kapokea kwa yule, huangaliwa kwanza kama waliishi wakati mmoja na kama wangeweza kukutana. Tena wazushi wa wakati ule hawakuwa wajinga. Walijua kwamba hadithi bila wapokezi haitapokewa, kwa hiyo walibuni na wapokezi pia, wakachagua majina ya watu wanaoaminika. Wakaguzi wakajifunza kuushuku hata mlolongo uliokamilika. Nikimkumbuka maalim na lile swali lake, "Imo katika kitabu gani?", naona angemkamata kijana wangu wa msamiati wa wavuvi siku ya kwanza.

Chuo kikuu niliingia miaka ya tisini, Mlimani, Dar es Salaam. Wakati huo walimu wetu walikuwa wamegawanyika. Wazee walitaka tanbihi chini ya ukurasa, zenye "keshatajwa" kila baada ya mistari miwili, na mwenye taipureta alijua adhabu ya kupima nafasi ya tanbihi kwa macho. Walimu vijana walitaka jina na mwaka ndani ya mabano, katikati ya sentensi. Mtindo huu wa pili asili yake hutajwa kuwa kwa Edward Laurens Mark, mwalimu wa elimu ya wanyama wa Harvard, ambaye mwaka 1881 aliutumia katika kazi yake juu ya mayai ya konokono asiye na kombe. Nimewahi kulieleza hili mbele ya jopo la watahini waliokuwa wakigombana kwa hasira kuhusu mkato. Halikuwapoza.

Tulikuwa na mwalimu mmoja wa semina ambaye mtindo haukumshughulisha. Alikuwa na kalamu nyekundu na maneno mawili ya kuandika pembeni: "Nani?" na "Uk.?" Ukiandika "wataalamu wengi wanakubaliana," ataizungushia duara "wengi" na kuandika "Nani?" Ukiwataja, ataandika "Uk.?" Mwenzetu mmoja siku moja aliwasilisha makala yenye maneno ya Jan Vansina, yule mwanahistoria Mbelgiji aliyefanya utafiti Kongo, Rwanda na Burundi, kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo halali cha historia. Aliweka kwenye mabano: Vansina, akinukuliwa na fulani. Mwalimu akamuuliza kama kitabu cha Vansina hakipo maktaba. Kipo. Basi kwa nini anapitia kwa jirani?

Akatumwa akakisome, arudi wiki inayofuata. Alirudi na daftari limejaa. Kitabu hicho, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1961 na kwa Kiingereza mwaka 1965, kinasema kweli kwamba masimulizi ni chanzo cha historia. Kisha kinaendelea, kurasa kwa kurasa, kueleza masharti: simulizi limepitia kwa nani, lilisimuliwa mbele ya nani, msimulizi ana faida gani nalo, linalingana vipi na masimulizi mengine. Yule mtu wa katikati alikuwa kachukua dai na kuyaacha masharti, na kila aliyepitia kwake alibeba nusu hiyo hiyo. Mwalimu hakusema mengi. Alimwambia mwenzetu, "Sasa unaweza kumtaja," na akaendelea na mwingine.

Baadaye nilipata kazi katika jarida moja la taaluma, na huko ndiko nilikoona jinsi nusu hizo zinavyosafiri. Ililetwa makala kuhusu Wairaqw, ambao wengi tunawaita Wambulu, watu wa Mbulu, Karatu na Babati. Mwandishi alisema wametoka Iraki, na nyuma ya sentensi hiyo akapanga majina manne na miaka yake. Kwa msomaji wa haraka, mashahidi wanne wanatosha. Nikawatafuta. Wa nne alikuwa amemtaja wa tatu, wa tatu kamtaja wa pili, wa pili kamtaja wa kwanza, na wa kwanza alikuwa ameweka "huenda." Hakuna aliyeweka ukurasa. Kumbe shahidi ni mmoja, na mwenyewe hana uhakika.

Lugha ya Kiiraqw ni ya jamii ya Kikushi, na nduguze wanatafutwa Ethiopia na Pembe ya Afrika, si Baghdad. Mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliyefanya utafiti kwa Wairaqw wenyewe, alichapisha mwaka 1998 makala nzima kuhusu jinsi kisio hilo la asili ya Iraki lilivyogeuka likawa simulizi linaloaminika. Nilimtumia mwandishi wetu nakala. Aliifuta sentensi, ingawa kwa kinyongo, maana ilikuwa sentensi yake tamu kuliko zote.

Huyo Rekdal hakuishia hapo. Mwaka 2014 aliandika kuhusu spinachi. Wasomi wengi wamesimulia kwamba sifa ya spinachi kuwa na madini mengi ya chuma ilitokana na nukta ya desimali iliyowekwa vibaya, na kwamba hilo ni fundisho kwa watu wasiohakiki vyanzo. Rekdal alifuata mabano nyuma, moja baada ya jingine, akakuta kisa chenyewe cha nukta hakina msingi. Waliokuwa wakikisimulia ili kuonya watu kuhusu vyanzo hawakuwa wamehakiki vyanzo. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikarudia kusoma makala iliyokuwa mezani kwangu kwa macho makali zaidi.

Wapo waliojaribu kulipima tatizo hili kwa hesabu. Simkin na Roychowdhury, watafiti wawili wa Marekani, walichukua makala moja mashuhuri ya fizikia iliyotajwa mara 4,300 hivi, wakachunguza makosa ya chapa katika namba za juzuu na kurasa. Walikuta rejea 196 zenye makosa, lakini makosa yenyewe yalikuwa ya aina 45 tu. Makosa yale yale, kwa tarakimu zile zile, yalijirudia kwa watu tofauti. Mtu aliyekishika kitabu chenyewe anaweza kukosea kwa namna yake. Akikosea kwa namna ya mwenzake, basi kanakili kutoka kwa mwenzake. Mwaka 2003 wakakadiria kwamba katika kila watu watano wanaotaja kazi fulani, mmoja tu ndiye aliyeisoma. Hili ni kadirio na linabishaniwa, ila wahariri wenzangu nikiwasimulia huwa hawashangai.

Na hapa nitasema neno dhidi ya mtindo tunaoutumia sote. Mwongozo wa APA, ambao vyuo vyetu vingi vimeufuata, unadai ukurasa pale unaponukuu neno kwa neno. Ukieleza wazo la mtu kwa maneno yako mwenyewe, ukurasa ni hiari. Kwa fani ambazo makala ina kurasa sita na matokeo yake ni jedwali moja, sawa. Kwa sisi wa lugha, fasihi na historia, ambao tunataja kitabu cha kurasa mia nne kwa sababu ya aya moja, hiari hiyo ndiyo mlango wa kila ninachokilalamikia. Msomaji anaambiwa "Fulani (1987)" kama mgeni anayeambiwa nyumba anayoitafuta iko Temeke.

Shida ya jina nayo si ndogo. Mitindo hii inadhani kila mtu ana jina la ukoo, nalo ndilo la mwisho. Ukiifuata kama ilivyo, mwandishi wa Kusadikika anakuwa Robert (1951). Robert ni jina la baba yake. Hakuna mtu wa Tanga aliyemwita Shaaban hivyo, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hudhani ni Mzungu. Ukija Zanzibar unakutana na Mohamed (1972), aliyeandika Kiu, na Mohamed (1980), aliyeandika Utengano. Wa kwanza ni Mohamed Suleiman Mohamed, wa pili ni Said Ahmed Mohamed, na nimesoma tasnifu iliyowachanganya wakawa mtu mmoja aliyebadili msimamo wake wa kisanaa. Mtindo wenyewe unataka herufi za kwanza za majina yao ziongezwe kunapokuwa na mgongano kama huo, lakini ni wachache wanaofika ukurasa huo wa mwongozo. Kwa Shaaban Robert mimi huacha jina zima, na mhariri akinifuata tunazungumza.

Hayo bado ni madogo. Kuna makala niliyoipokea kuhusu harusi za watu wa Mrima, iliyojaa "Velten (1903) anasema" na "kwa mujibu wa Velten." Carl Velten alikuwa Mjerumani, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Mwaka 1903 alichapisha kitabu cha desturi za Waswahili, kwa Kiswahili, na jina la jaladani ni lake. Lakini sehemu kubwa ya kitabu hicho aliiandika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin na kufia Ujerumani mwaka 1927. Yeye ndiye aliyejua mahari inapelekwaje na kungwi anasema nini. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, ililirudisha jina la Mtoro kwenye kichwa cha kitabu, pamoja na Waswahili wengine waliochangia. Hata hivyo makala zetu, zilizoandikwa kwa Kiswahili na Waswahili, zinaendelea kumpa Velten sauti. Muyaka wa Mombasa naye: tunaandika Hichens (1940) kwa sababu ndiye aliyeichapisha diwani, wakati mashairi yalikusanywa na Mwalimu Sikujua, msomi wa Mombasa aliyefanya kazi na mmisionari Taylor.

Nilimwomba mwandishi wa makala ile aandike: Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Velten (1903), na ukurasa. Akajibu kwamba mtindo hauna umbo kama hilo na jopo lake litamsumbua. Tukavutana kwa barua. Mwishowe nikamwambia kwamba jarida letu linaruhusu, na nikaenda kwa mhariri mkuu kuomba liruhusu.

Kisa ambacho sijakimaliza moyoni ni cha nahodha wa Pangani. Mtafiti mmoja kutoka chuo cha nje alikaa kwake msimu mzima akijifunza majina ya pepo na miamba. Nahodha alimfundisha kila kitu: tofauti ya matlai na umande, kaskazi inapoanza kulegea utaijuaje, kila mwamba unaitwaje na kwa nini, wapi chombo kinaweza kupita maji yakijaa na wapi hakipiti hata yajaeje. Alimchorea ramani mchangani, na kijana akaipiga picha. Tasnifu ilipokamilika mimi niliifanyia muhtasari wa Kiswahili, na nilipopata safari ya huko nikachukua nakala nimpelekee mzee.

Nilimkuta chini ya mwembe akishona tanga la mtumbwi wa mjukuu wake.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ndicho kitabu?"

Hakujua Kiingereza, lakini alisoma herufi vizuri, na aliniomba nimwonyeshe alipo. Nikafungua sura ya nne. Nikamwonyesha mabano: Mtoa taarifa 4, mahojiano, Pangani. Aliuweka ule ukurasa karibu na macho.

"Namba nne ndiyo mimi?"

"Ndiyo, mzee."

Akateremsha kidole mstari wa chini, kwenye mabano mengine yenye jina la mtu na mwaka. "Na huyu?"

"Huyo ni profesa, aliandika kitabu kuhusu majahazi."

"Kaendesha?"

Nikasema sidhani. Akaendelea kufunua. Kila ukurasa ulikuwa na majina, na kila alipotokea yeye alikuwa namba. Nikamweleza kwamba ni utaratibu wa utafiti, kwamba chuo kinataka majina ya watoa taarifa yafichwe ili wasidhurike, na kwamba yeye mwenyewe alitia sahihi fomu.

"Nilitia sahihi," akasema, "kwa jina langu."

Akanirudishia kitabu, akaendelea na tanga lake. Nilikiacha kwenye mkeka hata hivyo.

Najua sababu za kuficha majina. Mgonjwa, mtoto, mtu aliyefanyiwa ukatili, mfanyakazi anayemsema bosi wake: hao wafichwe, na asiyewaficha ana hatia. Lakini nahodha hakuhojiwa kama mhanga. Alihojiwa kama mtaalamu, sawasawa na profesa wa majahazi, na maarifa yaliyojaza sura ya nne ni yake. Mwongozo wa APA unataka mazungumzo ya namna hii yatajwe ndani ya matini lakini yasiingie kwenye orodha ya mwisho. Kwa hiyo hata angetajwa kwa jina, angetajwa ndani tu. Kwenye orodha asingekuwamo. Maalim wangu wa Tanga asingekubali. Kwake, mtu ambaye elimu ilipokewa kwake alitajwa kwa jina lake na la baba yake, na ikiwezekana na mji wake.

Tangu siku ile kila anayeniomba nimtazamie fomu ya ridhaa kabla ya kwenda uwandani namwongezea swali moja: "Je, ungependa jina lako litajwe?" Wengi wa mafundi, manju, waganga na wavuvi hujibu ndiyo bila kufikiri mara mbili. Watafiti wengine hulalamika kwamba kamati za maadili zitashangaa. Basi zishangae.

Kisha zikaja mashine. Kwanza zile za kupima mfanano, zinazotoa asilimia. Vyuo vikazipenda kwa sababu namba haina ubishi, na wanafunzi wakajifunza kuishusha namba. Nimeona aya iliyonakiliwa kwa mtu, kisha kila neno likabadilishwa kwa kisawe chake mpaka mwandishi wa awali asingeitambua, na hapo hapo mabano yakaondolewa kwa kuwa hayana kazi tena. Asilimia ikashuka vizuri, kazi ikapita. Mashine iliangalia maneno yanayofanana. Nani anadaiwa na nani haikuwa kazi yake.

Na sasa hizi za akili unde, zilizoenea tangu mwisho wa mwaka 2022, ambazo hukupa jina, mwaka, mchapishaji na hata ukurasa wa kitu kisichokuwapo. Hazina nia ya kudanganya. Zimesoma mabano mengi sana zikajua yanakaaje, basi zinatengeneza mengine yanayokaa vivyo hivyo. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York waliwasilisha mahakamani hoja zenye kesi zilizobuniwa na ChatGPT, katika shauri la abiria dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Jaji alipotaka nakala za hukumu hizo, wakapeleka nakala, nazo zimebuniwa na programu hiyo hiyo. Walitozwa faini ya dola 5,000. Mahakama ilikuwa na bahati: upande wa pili ulikuwa na mawakili wanaolipwa kwenda kuzitafuta kesi hizo. Tasnifu haina upande wa pili. Ina msimamizi mwenye wanafunzi wengi, mtahini wa nje mwenye haraka ya ndege, na mhariri kama mimi anayelipwa kwa ukurasa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na wenzangu wa majarida na idara wanaweza kuyaanza muhula huu bila kusubiri mwongozo mpya kutoka ng'ambo. Ukurasa uwe lazima katika kila rejea ya kitabu, iwe nukuu au maelezo, na fomu zetu za ridhaa zimuulize mtaalamu wa kijijini kama anataka jina lake. Nanyi wasimamizi, kabla ya kutia sahihi, chagueni rejea tano popote katika kazi, mumwambie mwanafunzi azilete mezani, kitabu chenyewe au nakala yake, ikiwa imefunguliwa ukurasa alioutaja. Haichukui zaidi ya nusu saa. Yule kijana wa msamiati wa wavuvi nimemwomba afanye hivyo kwa sura yake yote ya pili. Amefika ukurasa wa tisa, na imebaki nyembamba kuliko ilivyokuwa mwanzo.